Kumlea Mwanafunzi Hadi Utafiti: Mfano wa Lugha za Programu

UTANGULIZI

Sisi walimu wa somo la kompyuta aghalabu tunawafundisha wanafunzi kuzitumia lugha za programu. Ni mara chache tunapowaonyesha kwamba lugha hizo zenyewe ni jambo la kuchunguzwa. Mwanafunzi hujifunza kanuni, hufaulu mtihani, kisha huondoka chuoni akiamini kwamba lugha za programu zilishuka zikiwa kamili, na kwamba wajibu wake ni kuzitii tu. Hajui kuwa kila lugha ilibuniwa na watu, kwamba watu hao walibishana na kukosea, na kwamba hata leo wapo watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuuliza lugha bora ya kuiamuru kompyuta iweje.

Hasara ya jambo hili ni kubwa. Mwanafunzi mwenye kipawa cha utafiti akikosa mtu wa kumwambia kwamba utafiti ni kazi, na kwamba kazi hiyo yaweza kuwa yake, hawezi kuitafuta. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mwalimu awezavyo kumlea mwanafunzi wa namna hiyo. Tutaanza na mfano wa kihistoria, kisha tutatoa somo moja linaloweza kufundishwa darasani, na mwisho tutataja wajibu wa mlezi nje ya darasa.

MFANO WA PRINCETON

Katika miaka ya 1930, katika Chuo Kikuu cha Princeton huko Marekani, mwalimu wa hisabati Alonzo Church alibuni mfumo wa mantiki aliotarajia uwe msingi wa hisabati. Alikuwa na wanafunzi wawili waliomsaidia kuuchunguza: Stephen Kleene na J. Barkley Rosser.

Katika mfumo huo, namba si kitu cha kuhesabiwa. Namba ni amri ya kurudia. Tatu maana yake ni "rudia jambo hili mara tatu". Kwa njia hiyo kujumlisha ni rahisi: rudia mara tatu, kisha endelea kurudia mara mbili, nawe umepata tano. Kuzidisha nako hakuna shida. Lakini je, utapunguzaje moja? Jambo lililokwisha kurudiwa mara tatu utalirudishaje liwe la mara mbili? Church mwenyewe alikuwa karibu kukubali kwamba haiwezekani. Mwaka 1932 Kleene, alipokuwa kwa daktari wa meno, alipata jibu.

Jibu hilo, kwa namna linavyofundishwa siku hizi, laweza kuonyeshwa ubaoni. Usishike namba moja; shika jozi ya namba. Anza na (0, 0). Kila hatua, namba ya pili iingie mahali pa ya kwanza, na mahali pa pili pawekwe namba iliyozidi hiyo kwa moja. Baada ya hatua tatu tunapata:

(0, 0), kisha (0, 1), kisha (1, 2), kisha (2, 3).

Sasa chukua namba ya kwanza ya jozi ya mwisho. Ni 2, yaani tatu kasoro moja. Hatukurudi nyuma hata hatua moja. Tulisonga mbele tu huku tukikumbuka tulipotoka.

Yaliyofuata ni mazito zaidi. Mwaka 1935 Kleene na Rosser walithibitisha kwamba mfumo mzima wa mwalimu wao ulikuwa na ukinzani ndani yake. Usingeweza kuwa msingi wa hisabati. Wanafunzi waliiangusha kazi kubwa ya msimamizi wao. Church hakuukataa uthibitisho huo. Alitenga sehemu iliyosalimika, na mwaka 1936 yeye na Rosser walitangaza pamoja matokeo muhimu juu yake, yanayojulikana hadi leo kwa majina yao wawili. Sehemu hiyo ndiyo hesabu ya lamda. John McCarthy alipoibuni lugha ya Lisp mwishoni mwa miaka ya 1950 aliazima maandishi yake, na baadaye ikawa msingi wa lugha kama ML na Haskell.

Kadhalika Alan Turing alipata shahada yake ya uzamivu chini ya Church mwaka 1938, na Dana Scott mwaka 1958. Tukiuliza Church aliwapa nini wanafunzi hao, hatuwezi kusema kwamba aliwapa majibu. Kwa Kleene jibu lilikuwa la mwanafunzi, na swali ndilo lililokuwa la mwalimu. Juu ya hayo, mwalimu alikubali kushindwa na ukweli ulioletwa na mtoto wake wa kitaaluma. Haya mawili, swali zuri na moyo wa kukubali, ndiyo nguzo za ulezi.

SOMO LA DARASANI: UPATANISHO NA AINA

Swali zuri kwa mwanafunzi anayeanza hapana budi liwe dogo, lifahamike kwa dakika chache, na liwe na mlango wa kuelekea mbali. Mfano ufuatao tunaupendekeza kwa sababu unaanzia katika lugha anayoijua mwanafunzi tangu utotoni.

Hatua ya kwanza. Mwalimu aandike ubaoni sentensi hizi tatu:

(a) Kitabu kimeanguka.
(b) Kitabu umeanguka.
(c) Kitabu kimelala njaa.

Aulize ipi ina kosa. Wanafunzi wote watasema (b), kwa kuwa upatanisho wa ngeli umevunjika. Mwalimu aulize tena: je, mmelijua kosa hilo kabla au baada ya kwenda kutazama kama kitabu kimeanguka kweli? Watajibu kwamba hakukuwa na haja ya kutazama. Hapo wamekwisha kufahamu maana ya kukagua aina za data kabla programu haijaendeshwa. Sentensi (c) nayo inawafundisha mpaka wa ukaguzi huo: upatanisho ni sahihi, lakini maana haipo. Ukaguzi wa aina hauzuii kila kosa.

Hatua ya pili. Wanafunzi waunde lugha ndogo yenye namba, maneno mawili *kweli* na *sikweli*, alama ya kujumlisha, na muundo wa "ikiwa … basi … la sivyo …". Waandike kanuni zake za upatanisho kwa maneno yao. Kwa mfano: pande zote mbili za alama ya kujumlisha ziwe namba, baada ya "ikiwa" pawe na *kweli* au *sikweli*, au usemi unaotoa mojawapo, matawi mawili yawe ya aina moja. Kanuni zote zienee katika ukurasa mmoja. Kisha waandike programu mbili fupi, moja ya kukagua usemi na nyingine ya kuukokotoa.

Hatua ya tatu. Mwalimu awape usemi huu:

ikiwa kweli basi 5 la sivyo (3 + sikweli)

Kanuni zitaukataa, kwa kuwa 3 haijumlishwi na *sikweli*. Lakini tukiukokotoa, jibu ni 5 bila taabu yoyote, kwa sababu tawi lenye kosa halifikiwi kamwe. Basi ukaguzi wetu umemkataa asiye na hatia! Darasa litagawanyika. Wengine watasema kanuni zirekebishwe, wengine watazitetea. Mwalimu asikate shauri mapema. Awaachie swali hili waondoke nalo: je, tunaweza kutunga kanuni zitakazokataa programu zenye madhara peke yake, na kuzikubali nyingine zote?

Katika lugha yetu ndogo inawezekana, kwa kuwa kila usemi hufika mwisho. Tunaweza kuukokotoa tu na kuona. Lakini mwanafunzi akiongeza namna ya kurudia bila kikomo, mambo hubadilika. Mwaka 1936 Turing alithibitisha kwamba hakuna njia moja ya jumla ya kutambua kama kila hesabu itafika mwisho. Kutokana na hilo, ukaguzi usioruhusu kosa hata moja la aina hii, na unaomaliza kazi yake daima, hauna budi kuzikataa pia baadhi ya programu njema. Kuanzia hapo kazi ya mtafiti ni kutafuta kanuni zinazokataa programu njema chache zaidi bila kuruhusu mbaya kupita, na bila kumchosha mwandishi wa programu. Robin Milner, aliyekuwa Edinburgh, mwaka 1978 alionyesha jinsi kompyuta inavyoweza kuzitambua aina za data yenyewe bila mwandishi kuzitaja, na akathibitisha kwamba programu iliyokubaliwa haitapotoka njiani kwa kosa la aina. Kazi hiyo inaendelezwa hadi leo. Mwanafunzi aliyebishana juu ya usemi mmoja ubaoni amekwisha kukanyaga kizingiti chake.

WAJIBU WA MLEZI NJE YA DARASA

Kwanza, kumtambua mwanafunzi. Asitafutwe kwa alama za mtihani peke yake. Atazamwe yule anayerudi siku ya pili na swali la jana, au aliyejaribu kuivunja kanuni yetu akaivunja kweli. Mara nyingi huyu si msemaji wa darasa, na yawezekana anadhani utafiti ni wa watu wa namna nyingine. Hapana budi aambiwe wazi, kwa kinywa cha mwalimu: "Hili ulilofanya ndilo wafanyalo watafiti."

Pili, kumfundisha kusoma makala ya kitaalamu. Asianze ukurasa wa kwanza na kukwama wa pili. Asome kichwa, muhtasari, utangulizi na hitimisho. Aandike kwa sentensi tatu swali ni lipi, jibu ni lipi, na ushahidi ni upi. Akishindwa kuziandika, tatizo limejulikana. Uthibitisho wenyewe asome mara ya pili au ya tatu, kalamu mkononi. Makala za mikutano mikubwa ya fani hii, kama POPL na ICFP, sasa hutolewa katika jarida ambalo tangu mwaka 2017 husomwa bila malipo kwa njia ya intaneti. Udhuru wa kukosa vitabu umepungua, ingawa gharama ya intaneti bado ni kikwazo ambacho chuo chapaswa kukisaidia.

Tatu, kikao cha kila juma. Nusu saa yatosha. Mwanafunzi aseme alichojaribu, kilichokataa, na atakachojaribu. Mlezi ajizuie kuishika kalamu. Tunajua jinsi mkono unavyowasha. Lakini mwalimu akitatua, mwanafunzi amepata jibu na amepoteza siku ya kuwa mtafiti.

Nne, kumweleza habari za njia iliyo mbele. Wako wanafunzi wanaoacha kwa kudhani kwamba shahada ya uzamivu hununuliwa na wenye mali. Huko Marekani, kwa kawaida mwanafunzi wa shahada hiyo katika sayansi ya kompyuta hulipiwa ada na kupewa posho, naye husaidia kufundisha au kufanya utafiti. Vyuo vingi humpokea moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza. Katika nchi nyingi za Ulaya huajiriwa kwa mshahara. Tena, tangu mwaka 2012 watafiti wa lugha za programu wameandaa warsha ya ulezi, PLMW, iliyofanyika kwanza Philadelphia pamoja na mkutano wa POPL. Warsha hiyo hukutanisha wanafunzi na watafiti, na husaidia baadhi yao kwa nauli.

Tano, barua ya kumpendekeza. Kuandika kwamba mwanafunzi ni "hodari na mwenye nidhamu" ni kumnyima. Kuandika kwamba aliona kasoro katika kanuni ya tatu, akaleta mfano, akaisahihisha na kuutetea usahihisho wake, ni kumfungulia mlango. Barua ya namna hiyo haiwezi kuandikwa na mwalimu asiyekaa na mwanafunzi wake.

Sita, kuheshimu jina la mwanafunzi. Wazo likiwa lake, liandikwe kuwa lake. Mlezi anayejipatia sifa kwa jasho la mwanafunzi amemfundisha pia, ila amemfundisha wizi.

HITIMISHO

Tumeona kwamba kumlea mtafiti hakuhitaji maabara ya fahari. Kunahitaji ubao, swali lililochaguliwa vizuri, nusu saa kila juma, na mwalimu asiyeogopa kupitwa. La mwisho ndilo gumu. Wengi wetu tulifundishwa katika madarasa ambamo mwalimu kukosolewa ilikuwa aibu. Lakini kazi ya Church iliyoangushwa na wanafunzi wake ndiyo iliyozaa kile ambacho dunia inakitumia hata sasa. Siku mwanafunzi atakaposimama na kusema, "Mwalimu, kanuni hii haishiki," yafaa tumpe chaki.

MASWALI YA KUJADILI

1. Tumia njia ya jozi kupata namba iliyo kabla ya 5. Kwa nini tunaanza na (0, 0), na njia hii inatoa nini kwa 0?
2. Tunga usemi mwingine ambao kanuni za lugha yetu ndogo zitaukataa ingawa hauna madhara.
3. Taja mwanafunzi mmoja chuoni kwako, bila kumtangaza, ambaye hajaambiwa kwamba anaweza. Utamwambia lini?