Sina masharubu na posa ni mwezi ujao

Mjomba, nina miaka 24, ni fundi simu hapa Morogoro. Juu ya mdomo wangu kuna vinyweleo vya kuhesabika. Kijiweni naitwa “dogo”, na mdogo wangu mwenye masharubu ndiye anayeitwa “kaka”. Nilinunua kwa mmachinga mafuta ya kuotesha ndevu, napaka asubuhi na jioni, na kila siku nanyoa kwa wembe ili ziote nzito. Sasa pamevimba na panabanduka. Mwezi ujao washenga wangu wanapeleka barua, na kaka zake mchumba wangu wote wana masharubu ya kusokota. Niahirishe?
Fundi, Morogoro

Mpwa wangu, usiahirishe.

Tuanze na ngozi, maana ndiyo inayoungua. Wembe acha leo. Haugusi mzizi, unaacha ncha butu, ndiyo maana ukipapasa unadhani unywele umenenepa. Haujanenepa.

Kichupa chako kikiwa hakina maandishi ya maana, tupa. Kikiwa kimeandikwa minoxidil, jua kwamba ilianza kama dawa ya presha, kisha ya kupaka ikatengenezwa kwa ajili ya vipara vya kichwani. Wapo walioota ndevu kwa kuipaka, sikatai. Lakini huwasha, wengine moyo huwaenda mbio, na kwenye ngozi iliyobanduka hupenya zaidi. Pona kwanza, halafu ukiitaka bado, muulize daktari wa ngozi.

Masharubu haba mara nyingi ni urithi. Homoni zako zaweza kuwa sawa kabisa na za hao mashemeji. Tofauti ni jinsi vishina vya nywele vinavyoziitikia. Tafuta picha za babu zako, na wa kuumeni na wa kukeni. Wengine huendelea kuota hadi karibu na miaka 30. Ila kama hata sauti haijavunjika na kwapani hamna kitu, nenda hospitali.

Sasa huo uanaume unaopimwa kwa masharubu. Waingereza waliwahi kuuwekea kanuni: askari wao alikatazwa kunyoa mdomo wa juu. Agosti 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi yao yaliingia hapohapo Morogoro yakiwafukuza Wajerumani. Oktoba mwaka huohuo kanuni ikafutwa. Wakanyoa waliotaka, na vita vikaendelea vilevile. Kwetu, Mwalimu Nyerere alikuwa na kile kimstari chini ya pua, Tom Mboya wa Kenya hakuwa nacho, na sijasikia mkutano wa hadhara uliovunjika kwa sababu hiyo.

Hao wa kijiweni, simu zikizima wanampelekea nani? Anayekuita dogo mchana na jioni anakuomba umtengenezee kwa mkopo, mtajie bei. Nina hakika jina litabadilika.

Halafu nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta neno la mchumba wako. Hamna. Umetaja kaka zake, kijiwe, mdogo wako, hadi mmachinga. Yeye amekulalamikia? Kama hajasema kitu, unahangaika kwa niaba ya nani?

Na posa yenyewe, mpwa wangu, kwa kawaida muoaji haendi! Barua inapelekwa na washenga. Hao mashemeji wakitaka kukagua mdomo, watakagua wa mshenga. Kwa hiyo hela ya mafuta iweke kando, tafuta mshenga anayejua kuongea na wazee, na uulizie mapema kishika uchumba cha kwao ni kiasi gani.