Maji ya Rejeta Yanakwenda Wapi?

Ukiona gari la zamani limesimama kando ya barabara ya kupanda kutoka Mai Mahiu kwenda Limuru, boneti juu na dereva anaomba maji, usiseme haraka ati injini imezeeka. Mara nyingi injini ni nzima. Kilichoisha ni maji, na maji hayaishi bila kwenda mahali. Hapa nataka tuyafuate mpaka tuone yanakotokea. Nitatumia Peugeot 504 ya mjomba wangu kwa sababu ndiyo niliyoifanyia kazi likizo iliyopita, na pia kwa sababu ni gari ambalo nchi hii inalijua: lilitoka 1968, jina lake likashinda Safari Rally 1975 na tena 1978, na zile ndefu za abiria zilisafirisha watu wa bara miaka na mikaka.

Fizikia kidogo kwanza. Wa sanaa msikimbie.

Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa takriban 94, na Limuru chini kidogo ya hapo. Sasa, injini nzima ya petroli hufanya kazi kwenye nyuzi 80 na kitu hadi 90 na kitu. Yaani huku kwetu juu nafasi iliyobaki ni ndogo sana. Kinachookoa gari ni kifuniko cha rejeta. Ndani yake mna springi inayozuia presha isitoke. Kifuniko kilichoandikwa 0.9, au paundi 13, kikiwa kizima hufanya maji ya Nairobi yasichemke mpaka yafike nyuzi 115 hivi. Kwa hiyo tundu dogo kama la sindano halipotezi maji tu, linapoteza presha. Ndiyo sababu gari linaweza kuchemsha hata wakati rejeta bado ina maji mengi.

Na kuchemsha si mchezo. Bloku ya 504 ni ya chuma, hedi ni ya alumini, na alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Joto likizidi, hedi inapinda, gasketi inaachia, na bili inatoka kwenye bei ya mpira mmoja hadi bei ya kufungua injini nzima. Halafu kuna hila moja mbaya: maji yakishuka chini ya mahali palipo na kihisi cha joto, geji inaweza kusoma chini kwa sababu kihisi kinaguswa na mvuke na hewa. Dereva anakuapia geji ilikuwa sawa tu, na hasemi uongo.

Gari la mjomba lilikuwa linakunywa lita moja kila siku mbili, na chini yake pakavu. Fundi mmoja alikuwa ametoa themostati. Mwingine akasema hedi lazima ifunguliwe. Hii tabia ya kutoa themostati naipinga kabisa. Inafanya injini ichelewe kupata joto, inywe mafuta zaidi na kulika haraka, na haizibi tundu lolote. Wengine humwaga manjano au ute wa yai ndani ya rejeta. Kweli, huenda ikaziba kwa muda, lakini uchafu huohuo huziba pia vijia vyembamba vya rejeta na hita, na hapo umejitafutia shida ya pili.

“Mjomba, tusiongeze maji kwanza,” nikamwambia. “Tuyatafute.”

Kabla ya kushika spana tuliondoa hofu ya gasketi. Nilichomoa kijiti cha oili: oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Kwenye 504 hili ni la kuangalia sana, maana silinda zake ni mikebe inayotoka, maji yanaizunguka moja kwa moja, na mpira wa chini ukichoka maji huteremkia kwenye oili. Ilikuwa safi. Injini ikiwa baridi nilifungua kifuniko, nikawasha, nikatazama mdomo wa rejeta. Mapovu yanayotoka mfululizo humaanisha moshi wa silinda unapenya. Hayakuwepo. Hapo ile habari ya kufungua hedi tukaiweka kando.

(Rejeta hufunguliwa injini ikiwa baridi tu. Ikiwa moto, presha ikitolewa ghafla maji hugeuka mvuke papo hapo na kukurukia usoni. Hakuna haraka ya darasa inayostahili hiyo.)

Sasa swali: mbona chini ni pakavu? Kwa sababu tundu dogo huvuja tu wakati kuna presha, na matone yakiangukia chuma chenye moto hukauka hapo hapo. Ukifika nyumbani hakuna ushahidi. Dawa ni kuleta presha bila joto. Niliazima pampu ya mkono yenye geji inayofungwa mahali pa kifuniko, tukapampu hadi kiasi kilichoandikwa kwenye kifuniko, tusizidishe, tukangoja. Sindano ikashuka polepole. Nikapitisha karatasi ya chooni kavu chini ya kila kiungo: mipira miwili ya rejeta, kitundu cha chini ya pampu ya maji, vizibo vya bloku, kisha nyuma kabisa karibu na ukuta unaotenganisha injini na abiria. Huko ndiko ilikolowa, chini ya klipu ya mpira wa hita. Nikimulika tochi niliona pia utando mweupe wenye kutu, chumvi inayoachwa maji yakikauka. Ukijua kuutafuta, huo utando peke yake unakuonyesha njia.

Wengi hapa wangekaza klipu. Mimi nilivua mpira. Shingo ya alumini iliyo chini yake ilikuwa imeliwa, vishimo vishimo kama mahindi yaliyobunguliwa, na ndani kumejaa tope la kutu. Klipu hukandamiza mpira juu ya shingo. Shingo ikiwa na vishimo, hata ukikaza mpaka mpira ukatike, maji yatapata njia. Chanzo chenyewe ni miaka ya kujaza maji matupu ya kisima. Maji yenye chumvi, alumini na chuma mahali pamoja, bila kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu: wa kemia mnajua nani huliwa kwanza.

Shingo nyingine tuliipata Kirinyaga Road, imetumika lakini laini. Niliipiga msasa mwembamba, nikaweka gasketi mpya, mpira mpya na klipu ya upana sawasawa, nyuma kidogo ya ukingo wa shingo. Themostati ya nyuzi 82 ikarudi mahali pake. Mfumo tuliusuuza mpaka maji yakatoka meupe, tukajaza nusu kulanti, nusu maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri yasiyo na asidi.

Kulanti ya zamani usiimwage mtaroni. Ina ladha tamu, mbwa na watoto huivutiwa, nayo ni sumu kali. Tia kwenye mtungi wenye kifuniko na uandike.

Mwisho ni hewa. Tulipandisha pua ya gari kwenye mwinuko, tukafungua hita hadi mwisho, tukaacha injini ingurume huku tukijaza kidogo kidogo mpaka hita ikapuliza moto na mapovu yakaisha. Kifuniko kipya tulinunua pia, maana springi ya kile cha zamani ilikuwa imelegea. Baada ya safari ya kwanza, injini ilipopoa, nilikaza klipu robo mzunguko kwa sababu mpira mpya hukaa vizuri ukishapata joto. Nikachora alama ya maji kwa kalamu. Wiki tatu baadaye yalikuwa palepale.