Kifafa, Dawa na Stadi ya Kuandika kwa Watoto

Utangulizi
Kuandika hudai mengi kwa wakati mmoja: kukumbuka neno, kupanga sauti zake, kuziwakilisha kwa herufi na kuuongoza mkono. Makala haya yanachunguza jinsi stadi hii inavyoweza kudidimia kwa mtoto mwenye kifafa, na yanashikilia kuwa daftari lake ni ushahidi unaofaa kusomwa kabla hajaitwa mvivu.

Ugonjwa au Dawa?
Chanzo kinaweza kuwa kifafa chenyewe. Mwaka wa 1957, Landau na Kleffner walieleza afasia inayowapata watoto waliokwisha kujua kuzungumza: mtoto hukoma kuelewa usemi ingawa masikio yake ni mazima, na maandishi yake huweza kuathirika pia. Kwa mtoto kama huyo, tiba inaweza kusaidia kuirejesha lugha.

Hata hivyo, dawa nazo zina athari zake. Fenobabito, iliyoanza kutibu kifafa mwaka wa 1912 na ambayo hupendelewa kwa bei yake nafuu, huweza kumtia mtoto usingizi au utukutu na kumpunguzia umakini. Fenitoini ikizidi mwilini huvuruga uratibu wa viungo. Valproeti huweza kutetemesha mikono, ilhali topirameti huweza kumfanya mtu ashindwe kupata neno analolitafuta.

Ushahidi wa Daftari
Hapana budi, basi, kutofautisha makosa. Mwandiko ukiyumba huku tahajia ikibaki sahihi, huenda tatizo ni la mkono. Sentensi zikifupika na maneno yale yale kurudiwarudiwa, huenda msamiati haufikiki. Silabi zikidondoka, 'kitabu' kikawa 'kibu', huenda umakini au uchanganuzi wa sauti umepungua. Aidha, kwa kuwa tahajia ya Kiswahili hukaribiana sana na matamshi, kosa kama hilo kwa mwanafunzi aliyekuwa akiandika vyema halifai kupuuzwa. Dalili hizi pekee hazithibitishi chanzo. Lakini tarehe ya kila zoezi humsaidia daktari kujua iwapo maandishi yalizorota kabla ya dawa kuanzishwa au baada ya kipimo kuongezwa.

Hitimisho
Mzazi asiikatize dawa ghafla. Mtoto anaweza kuanguka mfululizo bila kupata fahamu, hata akafa. Kubadilisha dawa au kipimo ni kazi ya daktari. Kazi ya mwalimu wa lugha ni kuhifadhi daftari, kuyaeleza makosa kwa usahihi na kumwongezea mtoto muda wa kuandika.