Je, Kuna Haja ya Kulipia Huduma ya Kupakua Draiva za Kompyuta?

Somo hili linamhusu mtumiaji yeyote aliyewahi kukuta printa haichapi, spika hazitoi sauti au kompyuta haioni Wi-Fi, kisha akakutana na tovuti inayomwambia kwamba tatizo litakwisha endapo atalipia. Kabla ya kutoa fedha, mtumiaji ana haki ya kujua anauziwa kitu gani hasa.

Draiva ni nini?

Draiva ni programu ndogo inayouwezesha mfumo wa kompyuta, kama vile Windows, kuwasiliana na kifaa fulani. Pasipo draiva, printa iliyo nzima kabisa huonekana kuwa mbovu. Draiva huandaliwa na kampuni iliyotengeneza kifaa au sehemu zake, nayo ni sehemu ya kile ulichokinunua. Ndiyo maana kampuni kama HP, Dell, Lenovo, Canon, Epson, Intel na NVIDIA huzitoa bila malipo katika tovuti zao. Kwa watumiaji wa kompyuta za Apple, draiva nyingi huja pamoja na masasisho ya mfumo wenyewe.

Kinachouzwa ni nini?

Kwa kawaida, huduma za kulipia hazitengenezi draiva. Hukagua vifaa vilivyomo katika kompyuta, huvilinganisha na orodha zake, kisha huleta faili ambazo mtengenezaji amekwisha kuzitoa bure. Kinacholipiwa, basi, ni kazi ya kutafuta. Na sehemu kubwa ya kazi hiyo Windows huifanya yenyewe bila malipo. Aidha, ikiwa mtengenezaji hakutoa draiva ya printa ya zamani kwa ajili ya Windows mpya, kulipia huduma hizi hakutaifanya draiva hiyo ipatikane.

Mtumiaji ajihadhari na "ukaguzi wa bure" unaomalizika kwa orodha ndefu yenye rangi nyekundu. Draiva ya zamani si lazima iwe draiva mbovu. Kifaa kikifanya kazi vizuri, kwa kawaida hakuna haja ya kuibadili, isipokuwa pale mtengenezaji au Windows inapoleta marekebisho ya usalama au ya kasoro inayojulikana.

Hofu ya aina hii imewahi kugeuzwa biashara. Mwezi Machi 2024, Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni mbili za Saiprasi, Restoro na Reimage, zimekubali kulipa dola milioni 26 ili kumaliza madai kwamba ziliwatisha watumiaji kwa taarifa za uongo kuhusu hali ya kompyuta zao, ili wanunue huduma za matengenezo. Si kila muuza huduma ya draiva ni tapeli. Lakini orodha ya kasoro inayotolewa na anayetaka kukuuzia dawa haitoshi kuwa ushahidi wa ugonjwa.

Hatua za kufuata kabla ya kulipa

Tuchukue mfano wa mwenye duka la steshenari ambaye kompyuta yake imewekewa Windows upya. Printa haichapi, na wateja wanasubiri fomu zao. Haraka kama hiyo ndiyo humfanya mtu alipe bila kufikiri. Afuate hatua hizi:

1. Azime na kuwasha upya printa na kompyuta, kisha akague waya. Si kila tatizo linatokana na draiva.

2. Afungue "Settings", kisha "Windows Update", aruhusu ukaguzi wa masasisho. Katika "Advanced options" aangalie "Optional updates", ambako draiva za ziada huorodheshwa.

3. Ikiwa haikupatikana, asome jina na namba ya modeli iliyobandikwa kwenye kifaa, kisha aandike mwenyewe anwani ya tovuti ya mtengenezaji. Asibofye tu jibu la kwanza la utafutaji, kwa kuwa majibu ya juu mara nyingi ni matangazo ya kulipiwa.

4. Ikiwa kompyuta haina Wi-Fi kwa kukosa draiva, aiunganishe na simu kwa waya wa USB na kuwasha huduma ya simu ya kugawa intaneti, au apakue faili katika kompyuta nyingine na kuihamisha kwa flashi.

5. Iwapo draiva mpya imeleta matatizo, afungue "Device Manager", achague kifaa husika na kutumia "Roll Back Driver" ili kurudisha ile ya awali, iwapo bado imehifadhiwa.

Malipo yanayostahili

Kumlipa fundi anayeaminika si kosa. Hapo mtumiaji hulipia muda na ujuzi wa mtu anayemwona, aliyepatana naye bei, na anayeweza kumrudia kazi isipokamilika. Ni vyema kupatana bei ya kazi na kuomba risiti. Fundi asitoze bei ya "kununua draiva" ambayo mtengenezaji huitoa bure.

Kwa upande mwingine, huduma nyingi za mtandaoni huuzwa kwa usajili wa mwaka unaojirudia wenyewe. Kuifuta programu katika kompyuta hakusitishi makato ya kadi.

Ikiwa umekwisha kulipa

Hifadhi risiti na barua pepe zote. Omba kwa maandishi kusitishwa kwa usajili na kurejeshewa fedha. Wasiliana na benki yako mapema, ueleze pingamizi lako na kuomba makato yajayo yazuiwe. Ondoa programu hiyo, kisha kagua kompyuta kwa "Windows Security", ambayo huja pamoja na Windows. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mienendo ya kibiashara inayopotosha watumiaji, na malalamiko huweza kuwasilishwa Tume ya Ushindani. Hata hivyo, muuzaji akiwa nje ya nchi, benki yako ndiyo mlango wa kwanza kuubisha.

Kumbuka: kwa mtumiaji wa kawaida, kulipia upakuaji wa draiva hakuna faida. Anza na Windows Update, kisha tovuti ya mtengenezaji. Ukikwama, mwite fundi. Namba ya kadi yako isiwe suluhisho la kwanza.