Furahia mlo wa nyumbani bila kuishia hospitalini

Mwezi wa Desemba unapowadia, vituo vya mabasi jijini Nairobi na Mombasa hufurika wasafiri wanaorudi mashambani. Mbali na hamu ya kuwaona wazazi, wengi wao huwa na hamu ya vyakula walivyolelewa navyo: mukimo kwa mchuzi wa mbuzi, kuku wa kienyeji kwa ugali, samaki wa kupaka, au chapati za nyanya zilizopikwa kwa moto wa kuni. Hivi ni vyakula vinavyotuliza moyo, na hakuna daktari mwenye busara atakayekukataza kuvila.

Hata hivyo, Januari inapoingia, sisi madaktari wa mitaani huwapokea wagonjwa wanaofanana. Kuna mwenye kisukari ambaye sukari yake imepanda kupita kiasi, mwenye shinikizo la damu aliyekaa wiki mbili bila dawa, na mzee aliyevimba kidole gumba cha mguu kwa sababu ya jongo. Wengi wao hulaumu chakula. Lakini tukiwauliza maswali, mara nyingi tunapata mambo matatu: kiasi walichokula, muda ambao chakula kilikaa kabla ya kuliwa, na dawa zilizosahauliwa au kumezwa wakati usiofaa. Mtu akiyajua mambo hayo matatu, anaweza kuifurahia sikukuu kama wengine.

Kiasi katika sahani

Tuanze na sahani. Katika sherehe zetu, si ajabu kuona sahani moja imebeba pilau, chapati mbili, viazi na mukimo. Vyote hivyo ni vyakula vya wanga, ambao mwili huugeuza kuwa sukari. Mwenye kisukari hapaswi kuvinyima vyote nafasi, bali achague kimoja au viwili. Njia rahisi ni kuigawa sahani kwa macho: nusu yake iwe mboga kama sukuma wiki, kabeji au kunde, robo iwe wanga, na robo iliyobaki iwe nyama, samaki, kuku au maharagwe.

Mafuta nayo yanahitaji kuangaliwa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120. Ili kuzitumia kalori hizo, mtu wa kawaida huhitaji kutembea kwa haraka kwa karibu nusu saa. Mpishi akitia kijiko kizima kwa kila chapati, mwenye kula tatu ameongeza kalori 360 za mafuta pekee, kabla hata hatujahesabu unga. Haba na haba hujaza kibaba.

Upande wa chumvi, Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri kwamba mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kisichofika kijiko kimoja cha chai kilichojaa sawasawa. Kiasi hicho ni pamoja na chumvi iliyo ndani ya mkate, mchuzi na vikolezo vya pakiti. Lile lundo la chumvi linalowekwa pembeni ya ubao wa nyama choma linaweza kukupitisha kipimo hicho kwa mlo mmoja. Mwenye presha na achovye nyama yake katika ndimu na pilipili badala yake.

Vinywaji je? Chupa ya soda ya mililita 300 aghalabu huwa na karibu gramu 30 za sukari, ambazo ni zaidi ya vijiko saba vya chai. Kwa upande wa pombe, mwaka wa 1978 madaktari nchini Marekani walieleza jinsi watu waliokunywa kupita kiasi wikendi na wakati wa sikukuu walivyofika hospitalini mioyo yao ikipiga ovyoovyo. Bia pamoja na nyama nyingi, hasa maini na figo, pia huweza kumwamsha mwenye jongo usiku wa manane kwa maumivu makali.

Tatizo kubwa ni kwamba kukataa chakula cha mwenyeji huonekana kama dharau. Huna haja ya kukataa. Mwambie mwenyeji mapema, "Mama, nipakulie kidogo kwanza, nitaongeza." Ukila polepole ukisifu mapishi, hakuna atakayehesabu vijiko. Na wahenga waliposema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walitoa ushauri ambao daktari anaukubali. Kutembea au kufanya kazi nyepesi shambani baada ya mlo husaidia kushusha sukari katika damu.

Muda na kiporo

Jambo la pili ni muda. Wengi hudhani chakula kilichopikwa vizuri hakiwezi kudhuru. Ukweli ni kwamba wali na pilau huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo haziuawi na moto wa kupikia. Sufuria ikiachwa mezani tangu mchana hadi usiku, mbegu hizo huchipua na bakteria hutoa sumu. Ubaya wake ni kwamba moja ya sumu hizo haiharibiki hata ukikipasha moto kiporo hadi kitoe moshi. Mlaji huanza kutapika katika muda wa saa moja hadi sita.

Kwa hivyo chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Kama kuna friji, kigawe katika vyombo vidogo vyenye kina kifupi ili kipoe upesi, kisha ukihifadhi. Kama hakuna friji, pika kinachotosha mlo mmoja, au kiache kwenye moto kiendelee kuwa cha moto sana hadi wageni wote wale. Maziwa yachemshwe kabla ya kunywewa au kugandishwa, kwani maziwa mabichi huweza kuleta homa ya bruselosisi, inayosumbua kwa wiki nyingi kwa maumivu ya viungo na jasho.

Njiani nako kuna vishawishi vyake. Basi likisimama Nakuru au Mtito Andei, wachuuzi hulizunguka. Chagua chakula ambacho ni cha moto au chenye ganda lake: mahindi choma yanayotoka kwenye makaa, ndizi, machungwa unayoyamenya mwenyewe. Yai la kuchemsha ambalo ganda lake halijapasuka ni salama. Hatari mara nyingi huwa katika kachumbari inayotiwa ndani yake, kwa sababu hujui nyanya zilioshwa kwa maji gani wala kisu kilikuwa wapi. Beba maji yako na kipande cha sabuni.

Dawa zisisahaulike

Jambo la tatu ndilo linalotisha zaidi. Tuchukue mfano wa mama mwenye kisukari anayesafiri kutoka Nairobi hadi Busia. Saa kumi alfajiri anameza vidonge vyake kama kawaida. Kisha anajizuia kula na kunywa ili asihangaike kutafuta choo njiani. Baadhi ya vidonge vya kisukari, pamoja na insulini, huendelea kushusha sukari hata kama tumbo ni tupu. Kabla ya kufika Nakuru, anaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuongea ovyo, huku abiria wenzake wakidhani amelala au amelewa.

Mtu wa namna hiyo anahitaji sukari mara moja: vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, au kama mashine ya kupimia bado inaonyesha chini ya 4, apewe tena. Akishapata nafuu ale mkate au ndizi. Akiwa amepoteza fahamu, usimtie chochote kinywani. Mlaze ubavu na umkimbize hospitalini.

Wenye presha nao wana kosa lao. Wengi huruka dawa inayoongeza mkojo siku ya safari, kisha wakasahau kuirudia hadi mwaka mpya. Muulize daktari wako kabla ya kusafiri kama unaweza kuimeza baada ya kufika. Kamwe usiongeze kidonge cha kisukari kwa sababu umepanga kula zaidi, na usiruke dawa ili upate kunywa pombe. Pombe yenyewe huweza kushusha sukari saa kadhaa baada ya kunywa, hasa kwa anayetumia insulini.

Beba dawa za siku zote utakazokaa pamoja na za wiki moja ya ziada, na uziweke katika mfuko ulio mkononi mwako. Mizigo ya kwenye buti hupotea, na joto la humo huharibu insulini. Kichupa cha insulini unachoendelea kutumia kinaweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne ikiwa joto halizidi kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi yake, ambacho kwa kawaida ni nyuzi 25 hadi 30. Kijijini kusiko na umeme, kitie ndani ya kopo lisiloingiza maji, kisha ulielee kopo hilo katika chungu cha udongo chenye maji, mahali penye kivuli. Usiigandishe insulini.

Dalili zisizopaswa kungoja

Mtu akiharisha, anza kumpa maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Mpeleke hospitalini bila kukawia akiwa anatapika kila anachokunywa, ana damu katika choo, hakojoi, au ni mtoto mchanga, mjamzito, mzee au mwenye kisukari. Maumivu ya kifua, kupooza upande mmoja au mdomo kwenda upande pia havingoji sikukuu ipite.

Msomaji mpendwa, kabla ya kukata tiketi, jiulize maswali matatu. Je, nitakula kiasi gani? Chakula hicho kimepikwa saa ngapi? Na dawa zangu ziko wapi? Ukiwa na majibu, keti na jamaa zako ule chapati ya nyanya kwa raha. Kinga ni bora kuliko tiba, na nyanya atafurahi zaidi kukuona tena mwaka ujao.