Tia Mkono Ndani ya Rundo: Somo la Kununua Laptopu ya Chuo



Kila mwaka mpya wa masomo unapokaribia, vijana wanaomaliza sekondari Koboko, Yumbe na Maracha hunitafuta kwa swali moja: "Kaka, ninunue laptopu gani?" Wanategemea niwatajie jina la kampuni. Mimi huanza na hadithi ya Mtume (s.a.w.), kwa sababu ni katika darasa la fiqhi ya biashara ndipo nilipolielewa kosa nililolifanya dukani.

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akakuta rundo la nafaka. Akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, yule akajieleza kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume akamhoji kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika mwendo wake.

Tunapoisoma hadithi hii, mara nyingi tunamwangalia muuzaji peke yake. Lakini tazama na ule mkono. Mtume hakutosheka na nafaka kavu ya juu. Alitia mkono ndani. Kwa hiyo kukagua mali kabla ya kulipa si dharau kwa muuzaji wala si dhana mbaya. Na laptopu ya mtumba ni rundo hilohilo: juu imepanguswa ikang'aa, na unyevu uko ndani.

Kilichonipata mwenyewe

Nilipopata nafasi ya chuo, Baba aliuza fahali mmoja akanikabidhi shilingi 800,000. Nikapanda gari kutoka Koboko hadi Arua, safari ya kilomita kama 55, pesa nimezificha ndani ya soksi. Dukani nikaoneshwa mashine nyeusi yenye stika ya Core i7. Ikawashwa, ikawaka, kioo kizuri. Nikauliza bei, nikaambiwa 750,000. Nikalipa. Muda wote huo mashine ilikuwa kwenye waya wa chaja, na sikuichomoa hata mara moja.

Usiku ule umeme ulikatika nyumbani, na laptopu ikazima papo hapo pamoja na taa. Betri ilikuwa imekufa. Baadaye nikajua pia kwamba hiyo i7 ilikuwa ya kizazi cha 3, mashine iliyopitisha miaka kumi. Siku ya tano nikairudisha dukani. Muuzaji akanionesha kwa kidole maandishi yaliyo chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Baba aliponiuliza, "Mashine ni nzuri?" nikamjibu, "Nzuri sana, Baba." Niliona haya kumwambia kwamba fahali wake ameingia shimoni kwa sababu sikuchomoa waya. Mwaka mzima niliandika kazi zangu nimeketi sakafuni karibu na soketi. Usiku mmoja umeme ulikatika, nikapoteza kurasa 9 za insha ya usul al-fiqh ambayo ilitakiwa asubuhi.

Basi haya ndiyo niliyojifunza.

1. Ijue kazi yako na umeme wako

Kabla ya kuuliza bei, jiulize utaitumia kwa nini. Anayesomea ualimu, sheria, biashara au masomo ya Kiislamu ataandika, atasoma faili za PDF, atatafuta makala kwenye intaneti na kuandaa slaidi. Kazi hizo zinatoshwa na prosesa ya Core i5, hata i3, ya kizazi cha 8 au zaidi, RAM ya gigabaiti 8 na diski ya SSD ya gigabaiti 256. Kati ya RAM, SSD na jina la prosesa, wengi hununua jina. Laptopu ya i5 yenye SSD itakupa raha kuliko i7 ya zamani yenye diski ya kuzunguka. Anayekwenda kusomea uhandisi, usanifu majengo au kuhariri video aulize idara yake kwanza, kwa sababu programu zao ni nzito.

Sisi wa masomo ya Kiislamu tunahitaji Kiarabu. Usilipe zaidi kwa ajili ya kibodi ya Kiarabu. Lugha huongezwa bure kwenye mipangilio, na stika za herufi unabandika mwenyewe. Ukitaka kuweka Maktaba Shamila, ile programu ya bure yenye maelfu ya vitabu vya Kiarabu, acha nafasi ya kutosha kwenye diski. Kutafuta neno ndani ya vitabu vyote hivyo ndipo utakapoiona faida ya SSD.

Kisha umeme. Kwa miaka mingi West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa. Tulitegemea jenereta, na tangu 2012 bwawa dogo la Nyagak huko Zombo lenye megawati 3.5. Gridi ilitufikia mwaka 2024, alhamdulillah, lakini vijijini wengi bado wanaishi kwa sola, na mjini nako unaweza kukatikiwa katikati ya sentensi. Kwetu betri ni kiungo cha lazima. Chagua mashine ndogo ya inchi 13 au 14. Kwa kazi ya kuandika hula umeme kidogo, na sola ya nyumbani inaiweza. Ikiwa ina tundu la USB-C linalopokea chaji, ni bora zaidi, kwa sababu chaja ikiharibika utapata nyingine kwa urahisi, na hata pawabenki yenye nguvu ya kutosha inaweza kukuvusha usiku. Zile kubwa za michezo waachie wenye umeme wa uhakika.

2. Tia mkono ndani

Nenda asubuhi, usiende jioni ukiwa na haraka ya gari la kurudi. Mwombe muuzaji nusu saa, kisha fuata hatua hizi:

Kwanza, chomoa chaja. Fanya ukaguzi wote kwa betri. Ikizima, umepata jibu bila kugombana na mtu.

Pili, soma afya ya betri. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha bonyeza Enter. Itakutengenezea ripoti. Tafuta namba mbili: uwezo betri ilioundwa nao, na uwezo inaoweza kujaza leo. Ikiwa iliundwa kwa 50,000 na leo inajaza 20,000, imebaki asilimia 40. Hesabu bei ya betri mpya ndani ya bei unayoambiwa.

Tatu, soma kizazi cha prosesa kwenye mipangilio ya mashine, usikisome kwenye stika. Stika hubandikwa na yeyote. Kwa Intel za Core i3, i5 na i7, angalia namba baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Hili lina uzito sasa kwa sababu Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inadai, kwa upande wa Intel, prosesa za kuanzia kizazi cha 8. Ukiuziwa ya kizazi cha 4 au cha 6 iliyowekwa Windows 11 kwa njia ya mkato, jua kwamba haimo katika orodha ya mashine zinazokubalika.

Nne, izime uiwashe, uingie BIOS, mara nyingi kwa F2, F10 au Esc. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, irudishe mezani. Humo ndani pia angalia namba ya utambulisho, uilinganishe na ile iliyo chini ya mashine. Zikitofautiana, uliza sababu. Mashine ya bei ya kutupa isiyo na risiti wala chaja yake inaweza kuwa ni jasho la mwanafunzi mwenzako aliyeibiwa hosteli, na si halali kununua kitu unachojua kimeibwa.

Tano, bonyeza kila herufi, jaribu kila tundu, kamera, spika na Wi-Fi. Fungua ukurasa mweupe kioo kizima uone kama kuna madoa. Inyanyue kifuniko polepole usikie bawaba zake.

3. Itumie haki yako ya khiyari

Sheria yetu imempa mnunuzi mlango wa kutokea, na wengi wetu hatuujui. Upo katika namna tatu zinazotuhusu.

Khiyari ya kikao: katika madhehebu ya Shafi na Hanbali, wauzianaji wana haki ya kuvunja biashara maadamu hawajaachana. Msingi wake ni hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.) katika Bukhari na Muslim, ambayo pia inafungamanisha baraka ya biashara na ukweli wa pande mbili.

Khiyari ya sharti: mnakubaliana kwamba ndani ya siku kadhaa unaweza kurudisha. Shafi na Abu Hanifa wameiwekea ukomo wa siku tatu. Ahmad ameruhusu muda wowote watakaokubaliana. Siku tatu zinatosha kabisa kuijua laptopu. Omba sharti hilo kabla ya kulipa, liandikwe kwenye risiti.

Khiyari ya kasoro: ukigundua kasoro iliyokuwepo kabla ya kununua na hukuijua, una haki ya kurudisha. Yale maandishi ya "hairudishwi" hayamhalalishii muuzaji kuficha kasoro anayoijua. Lakini usicheleweshe, na usiendelee kuitumia kana kwamba umeridhika.

4. Pesa na programu

Usikimbilie mkopo wa riba wa kwenye simu kwa ajili ya laptopu. Mahali pa kuanzia ni qardhi hasana ya ndugu, au kununua mashine ya chini leo na kuongeza RAM mwakani. Kununua kwa awamu kwa bei iliyojulikana tangu mwanzo kumeruhusiwa na wanachuoni wengi. Tatizo linakuja pale pesa inapoongezeka kwa sababu umechelewa kulipa.

Na programu za wizi? Mwaka 1988 huko Kuwait, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilitoa azimio kwamba haki za watunzi na wavumbuzi zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivamia. Njia ya halali ipo na ni ya bure: LibreOffice kwa kuandika, na Linux Mint au Ubuntu kwa mashine ambayo Windows 11 imeikataa. Pia weka intaneti ya simu yako katika mpangilio wa kubana data, la sivyo masasisho yatakula bando la wiki kwa usiku mmoja.

Zamu yangu ya kuuza

Mwaka jana nilipata kibarua cha kufundisha madrasa wakati wa likizo, nikakusanya pesa ya mashine nyingine. Ile nyeusi nikaipangusa vizuri. Kijana mmoja wa Koboko, mwaka wa kwanza, akaja kuiona. Ilikuwa kwenye waya, inang'aa, na ile stika ya i7 bado ipo. Akauliza bei. Nikasema 450,000. Akafungua mkoba, na mimi nikajiona mimi mwenyewe nikifungua ile soksi.

Nikamwambia, "Subiri, mdogo wangu." Nikachomoa waya. Laptopu ikazima mbele yake.

Nikamweleza yote: betri, kizazi, umri. Akacheka kidogo, akakuna kichwa, akanipa 150,000 kwa sababu kwao wana sola yenye inverta na alitaka ya kuandikia tu. Tukaiwekea Linux pamoja. Nilipoteza shilingi 300,000 ambazo kwa kweli hazikuwa zangu.

Jioni ile nikampigia Baba. Nikasema, "Baba, ile laptopu ya kwanza haikuwa nzuri. Nilikuficha." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilijua. Kila ukija likizo ulikuwa unakaa karibu na ukuta." Kisha akaniagiza nimsindikize dada yangu Arua atakapokwenda kununua yake.

Tulikwenda. Dada alichomoa waya yeye mwenyewe kabla sijasema neno. Muuzaji akatabasamu, akamvutia kiti.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wanunuzi wenye macho na wauzaji wenye hofu naye. Wallahu a'alam.