SOMO LA ROBO HII: DADA WA KAZI NAYE NI MWAJIRIWA

Masomo ya kusoma kwanza: Kumbukumbu la Torati 24:14-15, Yakobo 5:1-6



Katika robo hii tunaziomba kamati za sharika za Kilosa na Mikumi zijifunze jambo linalogusa nyumba zetu nyingi: jinsi ya kumpata yaya au dada wa kazi, na wajibu wa anayemwajiri. Martin Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza mkate wa kila siku aliwahesabu humo na watumishi waaminifu. Basi anayetulelea watoto ni zawadi ya Mungu, na malipo yake ni haki wala si hisani.

Kilosa ina reli, na Mikumi iko kandokando ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Iringa. Binti huondoka kijijini asubuhi, na jioni akawa katika jiko la watu asiowajua. Sharika zetu zina wazazi wanaowatoa mabinti hao, na pia walimu, wauguzi na watumishi wa hoteli wanaowaajiri. Kwa hiyo somo hili ni letu sote.

1. Wakala au dalali
Sheria Na. 9 ya mwaka 1999 inamtaka wakala binafsi wa ajira awe amesajiliwa. Tumwombe kibali chake na anwani ya ofisi. Anayepokea wasichana stendi kwa simu tu, au anayechukua mshahara wao wa mwezi wa kwanza, tumkatae. Anayewasafirisha kwa udanganyifu ili watumikishwe anavunja Sheria ya Kuzuia Biashara Haramu ya Binadamu ya mwaka 2008.

2. Umri
Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kuajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Aliyefikia 14 na bado ni mtoto hufanya kazi nyepesi tu, isiyomzuia kusoma. Kuamka alfajiri na kulala usiku wa manane si kazi nyepesi. Ushauri wetu ni miaka 18 na kuendelea. Kitambulisho cha NIDA kitathibitisha.

3. Mkataba
Uandikwe, na kila upande ubaki na nakala. Utaje kazi, mshahara, saa zisizozidi 45 kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya siku 28 kwa mwaka yenye malipo. Naye apate nafasi ya kwenda ibadani.

4. Mshahara
Kwa dada anayelala kwa mwajiri wa kawaida, kima cha chini kilikuwa sh. 40,000/= mwaka 2013, na sh. 60,000/= kuanzia Januari 2023. Amri mpya ya mshahara imeanza Januari 2026. Kiwango cha sasa kiulizwe Ofisi ya Kazi Morogoro kabla ya kusaini. Mshahara apewe mwenyewe mkononi, si dalali wala mjomba.

5. Michango na kodi
Hapa wengi huogopa bure. Tuchukue mshahara wa sh. 100,000/= kwa mwezi:

- NSSF ni asilimia 20: mwajiri sh. 10,000/=, mfanyakazi sh. 10,000/=.
- Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) ni asilimia 0.5: sh. 500/=, zote za mwajiri.
- Kodi ya mshahara (PAYE): hakuna, kwa kuwa kipato hakizidi sh. 270,000/=.
- Tozo ya ujuzi (SDL): haimhusu mwenye wafanyakazi chini ya 10.

Dada atapokea sh. 90,000/=, na mwajiri atatoa jumla ya sh. 110,500/=. Nyongeza ya sh. 10,500/= ndiyo inayomwekea akiba ya uzee, na fidia akiungua na maji ya moto kazini. Anayemkata sh. 10,000/= kisha asizipeleke NSSF amechukua mali ya mwenzake, na Amri ya Saba inamhusu.

6. Mgogoro ukitokea
Wazee wa kanisa wanaweza kusuluhisha, lakini wasimzuie dada kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30. Chama cha CHODAWU, cha wafanyakazi wa hifadhi, hoteli na majumbani, nacho hupokea wanachama wa kazi hii.

Neno kwa wafadhili wetu
Walinzi, wapishi na wahudumu wa vituo vya kanisa wako chini ya sheria hiyohiyo. Mkiona mistari ya NSSF na WCF katika bajeti zetu, tunawaomba msiiondoe ili kupunguza gharama. Hatuwezi kufundisha haki majumbani huku tukiiacha ofisini.

Maswali ya kujadili
1. Katika mtaa wetu, ni mabinti wangapi wameondoka kwenda kazini, na nani anajua walipo?
2. Ni wangapi kati yetu walioajiri wana mkataba ulioandikwa?
3. Nani katika kamati atatunza daftari la mabinti wanaosafiri, lenye jina la mwajiri na namba ya simu?